Chini Kuna Tanuri Tu

Dosari ilianza ndogo, upana wa nyayo mbili.

Orest Hrynchuk alikuwa amemaliza sakafu mpya ya chumba cha chini ya nyumba yake, pale Winnipeg, katika Januari ile ambayo hata mbwa hutoka nje kwa kubembelezwa. Alilaza paneli za povu gumu juu ya zege, akapigilia plaiwudi, akatandaza zulia nene. Binti yake Orysia angefika Jumamosi na kichanga cha wiki tano, wakae humo mpaka mambo yake yatengemae. Zulia lilikuwa vuguvugu kila pembe, isipokuwa chini ya dirisha, palipokuwa na kitanda cha marehemu mama yake. Hapo palikuwa na alama mbili za miguu mitupu, mbichi, za baridi kali.

"Bomba linavuja?" mkewe Darka aliuliza.

"Hapa hapapiti bomba."

"Basi fumua tena, bwana wewe. Mtoto halali juu ya maji."

Akafumua. Chini yake pakavu kabisa. Akarudishia, na kabla supu ya mchana haijapoa alama zilikuwa nne, na chumba kizima kikinuka dawa ya kuchua magoti na soksi za sufi zilizolowa. Katika nyumba ile ni mtu mmoja tu aliyewahi kunuka hivyo, naye walishamzika Machi iliyopita.

Mama Paraska aliishi humo miaka mitatu, jirani na tanuri la kupashia nyumba joto, maana magoti yalishamkatalia ngazi. "Orest, mwanangu, sakafu inauma," alikuwa akisema. "Vaa soksi mbili, Mama," alijibiwa, kama mtoto msumbufu. Hatimaye Orest alinunua paneli za kwanza za kuzuia baridi ile. Zilipoletwa, alikuwa akitengeneza pikipiki yake ya theluji gerejini, mgongo ukimuuma kwa kulala kwenye zege. Akazitandaza huko, kwa muda tu, akamwambia Darka kuwa ni za gereji. Muda huo ulipita majira mawili ya baridi, na mama yake akafa na jozi tatu za soksi miguuni.

Na kosa hilo lilikuwa na ndugu yake. Kila Januari, baada ya sikukuu ya Ubatizo, padri huzunguka nyumba za waumini akinyunyiza maji ya baraka chumba kwa chumba. Darka akiwa kazini, Orest alisimama akauegemea mlango wa ngazi, asije mtu akaona mama mzazi analala wapi. "Mama yuko kwa dada yangu, Padri. Chini kuna tanuri tu." Na Mama Paraska yuko chini, amejifunga kitambaa chake cha maua, amewasha mshumaa, anangoja. Orest aliposhuka baadaye, mama yake alimwambia tu, "Nimesikia wimbo wake. Ana sauti nzuri." Mwaka wa pili vivyo hivyo, na wa tatu. Ukitaka kujua aibu ina uzito gani, muulize Orest kuhusu mshumaa ule.

Alhamisi mchana alikuwa peke yake, amepiga magoti juu ya alama zile na bisibisi mkononi, aliposikia ndara zikiburuzwa nyuma yake, taratibu, za mtu ambaye kila hatua inamgharimu, zikitoka kwenye tanuri, zikipita mlangoni, zikija juu ya zulia huku baridi ikizitangulia na kumpanda Orest magotini, mapajani, kiunoni, mpaka pumzi yake mwenyewe ikawa moshi usoni, naye hakuthubutu kugeuka kwa sababu aliogopa kuona mtu, na akaogopa zaidi kuona uso wenyewe, hadi ndara ziliposimama kisogoni pake na sauti ikamnong'oneza, "Inauma, mwanangu."

Ijumaa Padri Myron alipofika na bakuli lake la maji ya baraka, Orest aliufungua mlango wa ngazi mwenyewe.

"Si ulisema huku kuna tanuri tu?" Padri alistaajabu.

"Nilikudanganya. Mama alikuwa huku. Miaka yote mitatu. Nilimficha."

Darka, ngazini, alijishika mdomo. "Orest! Na mimi ukaniambia padri aliharakisha!"

Padri aliimba, akanyunyiza pembe zote nne. Zile alama zikakauka mbele ya macho yao.

"Kuna jingine?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Sema lote, ndugu yangu. Marehemu akisikia nusu hatapumzika."

Orest alimtazama mkewe, akaona jinsi anavyomtazama.

"Hakuna, Padri. Ni hilo tu."

Jumamosi Orysia alivua viatu, akamlaza mtoto kwenye zulia, akacheka. "Baba, hapa pana joto jamani! Bibi angepapenda." Kisha akanong'ona, "Lakini nani yuko gerejini? Nimepita nikasikia mtu anaburuza ndara. Na ile dawa ya Bibi inanuka mpaka mlangoni."

Orest alikwenda, Darka akimfuata. Gereji haina tanuri; vidole vya mtu hufa ganzi humo. Kando ya pikipiki, juu ya paneli, palikuwa na alama ndefu ya mtu aliyelala kwa ubavu. Aliigusa. Ilikuwa na joto la kitanda kilichoachwa sasa hivi. Pale paneli zilipoishia alama za miguu zilianza, mbichi, zikielekea mlango wa kuingilia ndani.

Darka alizitazama paneli. "Orest. Hizi ulizinunua za nini?"

Alitaka kusema. Mungu anajua alitaka. Lakini ule uongo wa zamani ulikuwa tayari ulimini.

"Za gereji tu," alisema.

Ndani kichanga kikapiga ukelele, na Orysia akaita kutoka chini, "Mama! Njooni! Miguu yake imekuwa barafu!"