Enoka Anaomba Kuungana

Watu wa Chapwa, huku mpakani na Zambia, wananijua, mimi Mwanamvita. Mdomo wa kelele ninao, wa uongo sina. Na haya hayakunipata mimi. Yalimpata mama wa jirani yangu Rabson. Ila yalimkuta sebuleni kwangu, mbele ya TV yangu, Jumapili mchana kweupe.

Ilianza siku ya kawaida tu. Nilifua, nikakaanga maandazi, nikakunja vitenge vya kuwauzia Wazambia kesho yake, kisha nikakaa kungoja tamthilia yangu ya alasiri. Ndipo Rabson akabisha hodi, waya mkononi, jasho linamtiririka.

"Dada, naomba TV yako. Mama amefika kutoka kijijini, Ibaba."

Rabson ni fundi simu, tumepanga nyumba moja, ukuta kwa ukuta. Mama yake, Anyosisye, alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Jumatatu aende hospitali akapasuliwe, na njiani mpuuzi mmoja kamtia hofu kwamba wengine hutoka kule vipofu kabisa. Basi kabla ya kisu alitaka jambo moja tu: amwone Enoka.

Enoka alikuwa kitinda mimba wake, utingo wa malori ya Zambia. Gari lilipinduka huko, akarudishwa ndani ya jeneza lililopigiliwa misumari, na wazee wakakataza lisifunguliwe. "Mimi nilizika sanduku," mama yule alikuwa akisema. "Uso wa mwanangu sikuuona." Sura yake ilibaki kwenye video moja ya kwaya ya kanisani kwao, na video hiyo ilikuwa ndani ya kompyuta ya Rabson. Kioo cha kompyuta kilikuwa kidogo, mama alikuwa anaona ukungu mtupu. TV yangu ilikuwa flati, kubwa, nimeivusha mwenyewe kutoka Nakonde, upande wa Zambia. Nikakubali, tamthilia nikaiaga.

Mwenzangu, we acha! Kwanza alileta flashi. TV ikasema haiitambui ile video. Akaichomoa, akaipuliza, akaichomeka tena, jibu lilelile. Nikamwambia, "Si ulibebe hilo likompyuta lako ulilete hapa?" Akasema likitikiswa tu linagoma wiki nzima, na likifa, video imekufa nalo. Waya wa kupitisha mlangoni haukufika. Ikabaki njia moja: kompyuta ikae chumbani kwake, irushe picha kwa waifai, TV yangu iidake huku sebuleni.

Ikadaka? Ingedaka wapi! Picha inakuja, inaganda. Kile kiduara kinazunguka, kinazunguka, kinazunguka mpaka kichwa kinaniuma. Mama wa watu kasogeza kiti hadi karibu na kioo, kakaza macho, na kila kitu kikicheza anauliza, "Ndiye huyo?" Rabson anajibu, "Bado, mama." Anatoka mbio kwenda chumbani, anarudi mbio. Mara sauti ya kwaya bila picha. Mara picha ya paa la kanisa, imeganda, sauti hakuna. Nilitamani niitwange ile ruta kwenye kinu.

"La kuvunda halina ubani, Rabson. Kalizime hilo dude lipoe, tunywe chai."

Alikwenda akalizima. Aliporudi alikaa sakafuni, machozi yanamlengalenga. "Kwenye msiba sikuwapo," akasema. "Na hili dogo nalo nimeshindwa kumfanyia mama." Hasira zangu zote zikaniisha, nikamwongezea maandazi.

Hatujamaliza vikombe, TV ikaandika yenyewe. Maandishi ya Kizungu, Rabson akayasoma kwa sauti, uso umemchangamka.

"Enoka anaomba kuungana. Kubali, au kataa."

Mama akaweka kikombe chini. "Nani anaomba?"

"Kompyuta, mama. Wiki hii niliiandikisha kwa jina la Enoka. Kumbukumbu tu."

Katika ukoo wao, nilikuja kuelewa siku hiyo, jina la marehemu haliokotwi. Mama mzazi huenda kaburini na unga wa ulezi, akaunyunyiza, akaliomba jina lirudi nyumbani, ndipo apewe mtoto atakayezaliwa. Mpaka hapo halipewi mtu, wala mbwa, wala kitu.

"Jina lile bado sijaliomba," akasema taratibu. "Umempa nani, Rabson?"

"Mama, si mashine tu hiyo!"

Nilidhani atamkataza. Hakumkataza. Alikuwa anautazama ule mwanga wa kioo, na aliutaka uso wa mwanawe kuliko alivyouogopa mwiko. Rabson naye alikuwa amechoka kushindwa. Akabonyeza kubali.

Haikuganda. Kiduara hakikuzunguka hata mara moja.

Ikatokea njia ya mlimani, udongo mwekundu, ukungu mzito. Mtu amesimama katikati, katupa mgongo, koti la bluu limelowa. Kwaya hakuna. Sauti ilikuwa ya mvua tu. Na nje kwetu jua lilikuwa linawaka.

"Hii siyo ile video," Rabson akanong'ona.

"Kwani kompyuta si umezima?" nikamuuliza.

Akaenda kuangalia. Safari hii hakurudi mbio. Alisimama mlangoni, midomo imemkauka.

"Dada. Waya wa umeme uko sakafuni. Niliuchomoa."

Nikashika rimoti. Nikabonyeza kuzima. Haikuzima. Nikabonyeza tena. Nilipoinua macho, yule mtu alikuwa amesogea. Mgongo bado katupa, lakini koti sasa nililiona mpaka mishono.

Alikuwa anakuja kinyumenyume.

Nikasoma nilichokumbuka cha Kurani, aya zikanipotea mdomoni. Mama Anyosisye alikuwa ameinuka kwenye kiti, paji la uso limegusa kioo.

"Mama, usimwite," nikamwambia. Bibi yangu kule Tanga alitufundisha tangu utotoni. Usimwite usiyemwona uso.

Hakunisikia. Au alinisikia.

"Enoka," akaita. Alimwita kwa sauti ya chini, ile ya kumwamsha mtoto.

Mabega yakaanza kugeuka.

Nilijifunika kanga, sioni haya kusema. Nilisikia Rabson akiruka ukutani, plagi ikachomoka, kioo kikalia tik. Kisha kimya. Nilipofunua uso, TV ilikuwa nyeusi. Mama alikuwa palepale, paji kwenye kioo, macho wazi.

"Umemwona?" Rabson akauliza. "Mama, umemwona?"

"Si yeye," akanong'ona. "Lakini kaitika."

Sisi hatukusikia mtu akiitika.

Tangu saa ile hakuona tena, hata mwanga wa dirisha. Tulimpeleka hospitali, daktari akammulika, akasema ni mtoto wa jicho yuleyule wa siku zote, atapasuliwa na ataona. Mama akakataa. Rabson akapiga magoti, akalia mbele za watu. Mchungaji akaitwa, akashindwa. Nikaenda mimi na mdomo wangu, nikamgombeza, "Mama, unakataa macho yako mwenyewe? Kwa sababu ya TV?"

Akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa vya baridi.

"Mwanangu, yeye hajaondoka. Yuko hapa mbele, namsikia anavyopumua. Mkinifungua macho, wa kwanza kumwona ni yeye."

Akarudishwa Ibaba kipofu, kwa hiari yake, na kipofu yupo mpaka leo. Wanamshika mkono kwenda kisimani na kanisani. Kaburini kwa Enoka hajaenda tena, wala unga hajaupeleka. Rabson aliivunja ile kompyuta kwa nyundo nikimwona, akaitumbukiza chooni vipandevipande, video na vyote, akahama Chapwa bila kuniaga vizuri. Simlaumu.

TV niliiosha. Kwenye kioo palikuwa na alama ya paji la uso na pua ya mama, pale alipojibana. Nilipitisha kitambaa chenye maji, ikatoka mara moja.

Alama ya pili ndiyo iliyonishinda. Paji, na pua, zimetazamana na pale alipokuwa mama. Nimeisugua kwa sabuni, nimeisugua kwa spiriti. Haitoki, kwa sababu iko upande wa ndani.