Kipimo cha Mkanda wa Cephas

Kila asubuhi, kabla ya kwenda ziwani kuchota maji, Awino alimsaidia kaka yake kumwinua baba yao kitandani. Cephas aliingiza mikono chini ya makwapa ya mzee, Awino akashika miguu na kuishusha polepole. Baba yao, Mzee Zadock, alifumba macho na kuuma meno mpaka alipokaa wima. Hakupiga kelele, ila jasho lilimtoka usoni hata siku za mvua.

Zamani Mzee Zadock alikuwa kuli hodari katika bandari ya Homa Bay. Siku moja aliinua robota la pamba akiwa amejifunga mkanda mwembamba wa suruali, akasikia kitu kikikatika mgongoni. Tangu siku hiyo hakubeba tena hata ndoo ya maji.

Sasa Cephas ndiye aliyefanya kazi bandarini. Alikuwa na mabega kama mlango, na wenzake walimwita Winchi, kama ile mashine ya kamba ya kuinulia mizigo. Jioni, baada ya kazi, alikwenda nyuma ya ghala la pamba na kufanya mazoezi ya kuinua ekseli ya lori iliyofungwa magurudumu. Ilikuwa mwaka wa pili wa Uhuru, na siku ya Jamhuri kungekuwa na mashindano ya wenye nguvu uwanjani. Mshindi angepelekwa Kisumu kushindana na watu wa wilaya nyingine.

"Hutainua chuma kile bila mkanda wa kufaa," Mzee Zadock alimwambia. "Na mkanda wa kufaa hauuzwi hapa. Yuko fundi mmoja Migori, Mzee Yakub, anayeshona matandiko ya punda. Awino ataenda na shangazi yake, maana shule zimefungwa."

Kisha akamgeukia Awino. "Sikiliza, mwanangu. Usidanganywe na mkanda unaong'aa. Tafuta ngozi nene ya ng'ombe, upana wa kiganja, na upana uwe ule ule nyuma na mbele. Kuna mikanda mipana mgongoni na myembamba tumboni. Hiyo ni ya kupigia picha. Tumbo ndilo linalousukuma mkanda. Likipata ukuta wa kusukuma, mgongo nao unasimama imara."

Akachukua uzi wa nyavu, akamwambia Cephas asimame karibu na kitanda. "Vuta pumzi. Tumbo nje!"

"Unafanana na mtu aliyekula sufuria nzima ya ugali," Awino akacheka.

"Nyamaza wewe, utanifanya nitoe pumzi," Cephas akasema kwa sauti ya kubanwa.

Mzee aliuzungusha uzi juu kidogo ya kitovu, akaubana, akafunga fundo. "Kipimo ni hiki. Si pale suruali inapokaa. Ni hapa. Awino, uzi huu usikutoke."

Awino akautia katika mfuko wa gauni lake.

Shangazi yake Zilpah, ambaye kwa Kijaluo alimwita Waya, alikuwa mfanyabiashara wa kuku. Siku ya soko walifika Migori mapema na matenga yao. Watu walikuwa wengi, na katika ule msukumano kuku mmoja mwekundu alikata kamba yake akakimbia. Awino alimfukuza kati ya mafungu ya viazi, akamdaka chini ya meza ya muuza chumvi. Hakuwa na kamba. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa uzi wa baba, akamfunga kuku miguu. Alikusudia kuufungua baadaye. Lakini alipokwenda kunawa matope na kurudi, kuku yule hakuwapo.

"Nimeshamuuza," Waya Zilpah akasema kwa furaha. "Mama mmoja wa Isebania ndiye aliyemchukua. Twende kwa fundi wako."

Awino alitaka kumweleza habari za uzi, akajizuia. Waya Zilpah alikuwa mtu mwema, ila jambo akilijua leo, Jumapili kanisa zima limelijua.

Duka la Mzee Yakub lilinuka ngozi na mafuta. Mzee mwenyewe alivaa kofia nyeupe na alikuwa na mikono migumu kama kwato.

"Karibu, binti. Wewe ndiye mwinua vyuma? Mkanda wangu utakufika magotini!"

"Shikamoo, mzee. Ni wa kaka yangu."

"Marahaba. Basi tazama huu. Vijana wote wanaupenda."

Ulikuwa mkanda mwekundu wenye nyota za shaba, unaometameta. Awino aliupenda mara moja. Lakini alipoukunja, ulijikunja kama jani la mgomba. Akaweka kiganja juu yake: nyuma ulikuwa na upana wa viganja viwili, mbele ulikuwa na upana wa vidole viwili tu.

"Huu ni wa kupigia picha," akasema.

Mzee Yakub akamtazama tena, safari hii bila utani. Akainama, akatoa chini ya meza mkanda wa rangi ya udongo, mnene, usio na pambo lolote, upana mmoja mwanzo hadi mwisho, wenye bizimu ya chuma ya meno mawili. Awino alijaribu kuukunja, ukagoma.

"Huu," akasema.

"Ngozi ya fahali wa Ogwedhi. Umechagua vizuri kuliko wanaume wengi. Bado sijautoboa. Lete kipimo."

Waya Zilpah alikuwa amesimama mlangoni, akisikia yote. Awino akaukumbuka mkanda wa suruali wa Cephas, ule aliokuwa akiung'arisha kila Jumamosi kwa ajili ya kanisa. Urefu wake wote, pamoja na ncha inayobaki baada ya kufunga, aliujua: kutoka bega lake hadi ncha za vidole vya mkono wa pili.

"Ni kutoka hapa hadi hapa," akanyoosha mkono.

Mzee Yakub akakunja uso. "Nani alikupa kipimo hiki?"

"Baba."

"Hii ni ngozi ngumu, mwanangu. Ukipenda, uchukue hivi hivi bila matundu. Mtampima mwenyewe nyumbani, na fundi yeyote wa viatu atautoboa."

Hapo alikuwa amepewa njia ya kujinasua. Awino alipaswa kuitikia tu. Lakini Waya Zilpah angemwuliza njia nzima kwa nini hakuleta kipimo.

"Toboa, mzee. Nina hakika."

Nyundo ikapiga.

Cephas alipouona mkanda ule aliruka kama mtoto. Akaufunga papo hapo. Awino alimwona akiuvuta hadi tundu la mwisho, kisha akavuta tena, na hapakuwa na tundu jingine.

"Umekukaa?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Umenikaa," Cephas akajibu bila kumtazama.

Bandari nzima ilishasikia habari za mkanda wa Migori, kwa sababu Cephas mwenyewe aliwatangazia. Hata Mayaka, kijana kutoka Kisii aliyekuwa mpinzani wake mkubwa, alikuja kuugusa. Cephas alichukua kipande cha gunia, akakikunja, akakisokomeza kati ya mkanda na tumbo. Akaendelea na mazoezi. Jioni moja Awino alimpelekea uji nyuma ya ghala, akamkuta ameiangusha ekseli na kujishika kiuno.

"Nini, kaka?"

"Uchovu tu. Usimwambie baba."

Awino aliutambua uso ule. Aliuona kila asubuhi kitandani kwa baba yake.

Siku ya Jamhuri ikafika. Bendera zilipepea barabarani, maduka yote yakafungwa, ngoma zikasikika kutoka uwanjani. Cephas, akiwa amekwisha kujifunga mkanda, aliinama kumwinua baba kama kawaida. Alipoinama, uso wake ulikunjamana kwa maumivu. Awino akaachia miguu ya baba.

"Baba, kipimo cha mkanda ule si chako," akasema, na machozi yakamtoka. "Uzi nilimfungia kuku, kuku akauzwa. Nikamdanganya Mzee Yakub. Nilipima kwa mkanda wa suruali."

Mzee Zadock akanyoosha mkono kutoka pale alipolala, akauingiza kati ya mkanda na tumbo la Cephas. Kipande cha gunia kikaanguka sakafuni. Mkono wote ukapita.

"Na wewe hukuona?" akamwuliza.

"Niliona tangu siku ya kwanza," Cephas akasema. "Lakini nilishawaambia watu wote. Ningesema nini, kwamba Winchi ana mkanda wa mtu mwingine?"

"Fundi wa viatu alifungua duka juma zima. Angetoboa matundu mengine, mngemaliza. Leo amefunga."

"Baba, ni mara moja tu. Nikishinda leo, nitakwenda Kisumu."

Mzee Zadock hakugomba. "Wewe ni mtu mzima, na mgongo ni wako. Mimi siwezi kukushika. Lakini kabla hujaenda, niinue kwanza."

Cephas aliingiza mikono chini ya makwapa ya baba yake. Siku zote alikuwa akitazama ukutani. Safari hii alimtazama usoni. Aliyaona meno yakiumana, jasho likitiririka, na midomo ikitetemeka bila sauti. Baba alipokaa wima, Cephas aliondoa mikono taratibu. Kisha akafungua bizimu, akauweka mkanda kitandani.

Alikwenda uwanjani na Awino, akawaambia wasimamizi kwamba hatashiriki. Mayaka akacheka mbele ya watu. "Winchi imekatika kamba! Umekiogopa chuma, omera, ndugu yangu?"

"Nimekiogopa," Cephas akajibu. "Sina mkanda unaonitosha."

Watu wakazomea. Awino alitamani ardhi impasukie, lakini hakuuachia mkono wa kaka yake. Mayaka alishinda, akabebwa juu juu, naye ndiye aliyekwenda Kisumu.

Maduka yalipofunguliwa, fundi wa viatu alikuja nyumbani na chombo chake cha kutobolea. Mzee Zadock alitoa uzi mpya wa nyavu, lakini hakupima yeye. Akampa Awino.

"Mpime wewe."

Awino aliuzungusha juu ya kitovu, akaubana, akafunga fundo. Fundi akatoboa. Cephas akaufunga mkanda, akavuta pumzi, akausukuma kwa tumbo. Hata kidole kimoja hakikupita kwa urahisi.

"Kupoteza uzi si kosa kubwa," Mzee Zadock akasema. "Kila mtu hupoteza kitu. Kosa lilikuwa kuficha. Wewe ulificha kwa kuogopa maneno ya shangazi, kaka yako akaficha kwa kuogopa kuchekwa, na katikati yenu mgongo wa mtu ulikaribia kuvunjika. Mkisema mapema, fundi hutoboa tundu, mambo yakaisha. Mkichelewa, hakuna fundi. Nitazameni mimi."

Wote wawili wakamtazama.

"Tutasema, baba," Awino akajibu.

Cephas alipumzisha kiuno chake miezi kadhaa, kisha akaanza tena na uzito mdogo. Siku ya Madaraka aliinua ekseli ile mbele ya watu wote, na jioni akarudi nyumbani kwa miguu yake, ameshika mkanda mkononi. Uzi wa kipimo Awino aliutundika kwenye msumari, juu ya kitanda cha baba. Kesho yake asubuhi Cephas aliingiza mikono chini ya makwapa ya mzee, Awino akashika miguu, wakamwinua.