Bunge la Sekunde Ishirini na Nane

Saa tatu kamili asubuhi, mlango wa shaba wa ukumbi wa Bunge la Shirikisho jijini Mwanza ulifunguka wenyewe, na Mgonganyundo akaingia. Alikuwa roboti mwembamba wa kimo cha mtu wa kawaida, mwenye magurudumu matatu na mkono mmoja tu. Alipanda hadi kwenye meza ya Spika, akazungusha kichwa chake cha kioo na kuhesabu viti mia tatu na kumi na viwili. Vyote vilikuwa vitupu. Akagonga nyundo.

"Bunge limekaa," akasema. "Mwenye hoja na asimame."

Akasubiri sekunde tatu.

"Hakuna hoja. Bunge linaahirishwa."

Akagonga tena, akashuka, akatoka. Kikao kizima kilichukua sekunde ishirini na nane.

Nyuma ya kioo cha chumba cha mitambo, Mhandisi Kokushubila Rwegasira alikunywa kahawa yake kwa raha. Yeye ndiye aliyemuunda Mgonganyundo, na katika miaka minne roboti huyo hakuwahi kuchelewa hata nukta moja. Kwa kweli Koku alijivuna, na alikuwa na haki ya kujivuna.

Tuseme wazi kazi ya mashine hii ilikuwa nini, maana mgeni angeweza kudhani ni kichekesho. Walioandika Katiba ya Shirikisho waliiga sana ile ya Marekani ya kale. Rais alipendekeza majina ya wakuu wa idara na majaji, Bunge likathibitisha au likakataa. Lakini Bunge likiwa likizoni kwa zaidi ya siku kumi, Rais aliruhusiwa kuteua mtu wa muda bila kumuuliza yeyote. Marais wa Marekani waliutumia sana mwanya huo, mpaka maseneta wao wakabuni dawa: kila baada ya siku chache seneta mmoja aliingia ukumbini, akagonga nyundo, akatoka. Ukumbi mtupu, lakini kwa sheria Seneti haikuwa likizoni. Mahakama yao ya juu ikakubali kwamba Seneti ikisema imekaa, basi imekaa.

Wabunge wa Shirikisho waliiga na hilo pia, wakapeana zamu za kugonga kila siku ya tatu. Mwaka mmoja mbunge wa zamu akanogewa na harusi ya mpwa wake huko Bunda, akasahau, na wawili waliomfuata nao wakaugua. Bunge lilipozinduka, Rais alikuwa amekwisha teua watu tisa, wakiwemo majaji wawili ambao hata wenyewe walishangaa. Ndipo Koku akaitwa.

"Tunataka kitu kisichoalikwa harusini," aliambiwa na Katibu wa Bunge, Mzee Malimi.

"Na nani ataweza kukizima?" Koku aliuliza siku hiyo.

"Bunge lenyewe, kwa kura."

Koku akaandika hivyo kwenye mitambo. Hakuuliza Bunge litapigaje kura ikiwa hakuna mbunge ukumbini.

Sasa ilikuwa likizo ndefu, na simu ikalia. Alikuwa mdogo wake, Ishengoma, fundi mkuu wa malango ya bwawa la Rwamashonga, kwenye Mto Kagera.

"Dada, maji yanapanda," alisema bila hata kusalimia. "Vipimo vinasema siku kumi na tano, yatapita juu ya ukuta. Lazima lango la chini lifunguliwe mapema, kidogo kidogo."

"Si mlifungue?"

"Kwa kidole cha nani? Lango linafunguka kwa alama ya kidole cha Msimamizi Mkuu, na Msimamizi Mkuu hatuna. Ni miezi kumi na moja sasa."

Koku alijua kisa hicho. Rais alikuwa amempendekeza shemeji yake, Bunge likamkataa, na Rais kwa kiburi akakataa kuleta jina jingine. Spika naye alikataa kuita kikao cha dharura, asije akaonekana amepiga magoti.

"Dada, mzime mtu wako, wewe uliyemuunda hushindwi. Akose vikao vitatu tu. Siku kumi zikipita, Rais atamteua huyo shemeji yake."

"Shemeji mwenyewe hajui bwawa ni nini, Ishe."

"Hata angekuwa mbuzi, mradi ana kidole!"

Walicheka wote wawili. Baadaye Koku alikikumbuka kicheko hicho kuliko maneno yote.

Alikwenda kwa Mzee Malimi. Katibu huyo aliipenda historia ya Marekani kama wengine wanavyopenda mpira, na alimsikiliza huku akipangusa miwani.

"Mwaka 1867," alisema, "Bunge lao lilimkataza Rais kumfukuza waziri bila idhini ya Seneti. Akamfukuza. Waziri akajifungia ofisini zaidi ya miezi miwili, anakula humo, analala humo. Rais akashtakiwa, akaponea kura moja tu. Na unajua mwisho wa ile sheria waliyotaka kuuana kwa ajili yake?"

"Sijui, Mzee."

"Miaka kama ishirini baadaye wakaifuta. Hakuna aliyeililia." Alivaa miwani yake. "Wakubwa hugombana, mhandisi, halafu hupatana. Lakini wewe ukimzima Mgonganyundo leo, Rais hatateua mmoja. Atateua hamsini, na wewe utakuwa umevunja kiapo. Wape wiki moja, watapatana."

Hayakuwa maneno ya kipumbavu, na hilo ndilo lililomtesa Koku hadi mwisho wa maisha yake. Usalama wa nchi nzima dhidi ya mtu mmoja asiyeshibishwa na madaraka ulikuwa mikononi mwa mashine hiyo. Lakini tusimpambe. Alipokuwa akirudi chumba cha mitambo alipita mbele ya ubao wa takwimu: vikao mia nne na themanini na sita, kosa sifuri. Aliutazama ubao ule, na moyoni hakutaka sifuri ile ibadilike.

Akampigia mdogo wake. "Wanasema watapatana."

"Haya, dada," akasema Ishengoma. "Wewe ndiye mkubwa."

Hawakupatana. Rais alitoa hotuba, Spika akatoa hotuba. Mgonganyundo aligonga siku ya tatu, ya sita, ya tisa, ya kumi na mbili.

Asubuhi ya siku ya kumi na tano, Ishengoma aliwaamuru mafundi wenzake wapande kilimani. Kisha alishuka peke yake kwenye ngazi ya chini kabisa ya bwawa, mahali palipokuwa na gurudumu la mkono ambalo halikuwa limeguswa tangu enzi za wazee waliolijenga. Kulizungusha bila kibali kulikuwa kosa la jinai. Alilizungusha kwa dakika arobaini. Lango likafunguka, ukuta ukapona, na mji wa Rwamashonga wenye watu elfu sitini ukapata maji ya magotini tu. Lakini lango lililofunguliwa kwa kuchelewa lilifunguka kwa nguvu yote ya mto, na ngazi ile ikaondoka naye.

Ilikuwa saa tatu na dakika chache. Mgonganyundo alikuwa ametoka tu ukumbini. Takwimu: kosa sifuri.

Siku mbili baadaye Rais alileta jina jipya, na Bunge likaitwa na kulipitisha mchana huohuo kwa sauti moja. Walipigiana makofi, wakasimama dakika moja kumkumbuka shujaa, wakarudi likizoni. Dakika moja ile ilikuwa zaidi ya mara mbili ya kikao cha Mgonganyundo.

Koku alirudi kazini baada ya mazishi. Hakukaa nyuma ya kioo. Aliingia ukumbini na kitenge cha msiba kiunoni, akasimama mbele ya kiti cha mbunge wa kwao, akangoja.

Mlango ukafunguka. Mgonganyundo akapanda, akahesabu viti, akagonga.

"Bunge limekaa. Mwenye hoja na asimame."

"Nimesimama," Koku alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko alivyotarajia. "Nina hoja. Nilikuwa nayo tangu wiki ile. Mdogo wangu aliniomba siku kumi..."

Kichwa cha kioo kilimgeukia. Kilimsoma uso, kikautafuta katika orodha ya wabunge mia tatu na kumi na wawili, orodha aliyoiingiza Koku mwenyewe. Sekunde tatu zikaisha. Hizo pia alizipima yeye.

"Hakuna hoja," akasema Mgonganyundo, na akagonga nyundo.