Tiketi Tatu za Treni ya Mlimani

"Ni-book tiketi ngapi, mbili ama tatu?" Mutuku aliuliza kwenye simu.

"Tatu. Mama anakuja na sisi."

Flaviana aliitoa simu sikioni akaitazama, akidhani imekata. Alikuwa ndani ya gari lake kwenye maegesho ya kliniki ya figo hapo mjini Mesquite, bakuli la wali mapajani, na zimebaki dakika kumi na mbili arudi kwa wagonjwa wake.

"Mutuku?"

"Niko. Sawa, nita-book tatu. Lakini mtapanda nyinyi wawili. Mimi nitawangoja pale chini."

Wali ukamshinda hapo hapo.

Maana treni yenyewe lilikuwa wazo la nani? La Mutuku huyo huyo, mpenzi wake. Yeye ni fundi wa lifti, anakaa mji wa Katy, na kutwa anashinda kwenye mashimo ya maghorofa ya Houston akikagua nyaya. Mwezi wa kwanza alimtumia Flaviana picha ya reli ya Chattanooga, kule Tennessee, inayopanda Mlima Lookout tangu mwaka 1895. Mabehewa mawili, waya mmoja. Moja likipanda jingine linashuka, na katikati ya mlima yanapishana. "Hiyo ni lifti imelala," alimwandikia, na tangu siku hiyo wawili hao hawakuwa na hadithi nyingine. Walihesabu saa za njiani, wakabishana nani aendeshe wapi, na Flaviana akabeba zamu mbili za Pasaka ili apewe Ijumaa moja.

Kisha mama yake akaja kutembea. Mama Prudensia, mwalimu mstaafu wa Moshi, alipoonyeshwa ile picha alivua miwani, akaifuta, akaitazama tena. Alisema amezaliwa chini ya Kilimanjaro na kuutazama miaka sitini na nne, lakini hajawahi kusimama juu ya mlima wowote. Nani angeweza kumwacha nyumbani?

Sasa hapo ndipo Mutuku alipobadilika. Wiki ya kwanza ya mama alisema gari lina tatizo. Ya pili, ameitwa kazini. Ya tatu, mafua, nayo mafua yenyewe hayakusikika hata kidogo kwenye simu. Hakuvuka kizingiti cha nyumba ile hata mara moja. Flaviana akaamua kumpeleka mama mpaka Centerville, kamji ka kwenye barabara ya I-45 ambako wapenzi hao wamezoea kukutana, kila mmoja akiwa ameendesha saa mbili na kitu. Mutuku alipomwona mama kwenye kiti cha mbele, alishusha kofia mpaka puani, akageuza mgongo, akaweka mfuko juu ya boneti ya gari la Flaviana, akapotelea ndani ya duka la kituo cha mafuta. Hakutoka mpaka walipoondoka. Mfukoni mlikuwa na machungwa na soksi za kubana miguu, kwa sababu alisikia miguu ya mama ilivimba kwenye ndege. Soksi unaleta, salamu unanyima. Mtu wa namna gani huyo?

Yote hayo Flaviana aliyameza. Leo, kwenye simu, aliyatapika.

"Mutuku, unamwonea mama yangu aibu?"

"Aibu, ndiyo. Lakini si hiyo unafikiria. Flavi, kile kibehewa ni kidogo, watu wanakaa magoti kwa magoti. Mimi siwezi kaa na yeye hapo. Si unaelewa tu."

"Nimeelewa."

Alikata simu, akaandika hapo hapo: *Usije. Mimi na Mama tutaenda wenyewe. Na tukirudi usinitafute.*

Akarudi kazini na tabasamu la kuazima. Mtu akishakwambia kwa mdomo wake kwamba hawezi kukaa na mama yako, unabaki kumuuliza nini tena? Flaviana alimpenda Mutuku, tena alimpenda sana, na ndiyo maana iliuma vile.

Siku nne Mutuku alipiga, hakupokelewa. Akawa anatuma ujumbe mfupi mfupi: *Nimeskia. Lakini check pressure ya tairi kabla mtoke.* Kesho yake: *Mkipita Shreveport jazeni mafuta hapo.* Na wa mwisho: *Tiketi bado ni tatu.* Flaviana aliusoma huo wa mwisho mara nyingi kuliko anavyoweza kukiri, kisha akalala kifudifudi akalia.

Jumapili baada ya ibada, yeye na mama walikuwa jikoni wanamenya ndizi. Mama aliuliza mbona siku hizi hasikii vicheko vya simu. Flaviana alijaribu kusingizia uchovu, lakini huyu alikuwa amesomesha watoto wa watu miaka thelathini na nane, uongo anaujua ukiwa bado tumboni. Ikabidi aseme yote: visingizio, Centerville, na lile neno la magoti kwa magoti. Alilisema taratibu, akiogopa kumuumiza.

Mama hakuumia. Aliuliza swali moja.

"Huyu kijana kwao ni wapi?"

"Mkenya, Mama. Nilikwambia."

"Kenya ni kubwa, mwanangu. Kwao hasa."

"Machakos. Ni Mkamba."

Mama aliweka kisu chini. Mabega yakaanza kutikisika, na Flaviana akadhani analia, kumbe anacheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa kanga. Akasimulia habari za seremala mmoja Mkamba aliyekuwa jirani yao Moshi, Flaviana akiwa bado mtoto mchanga. Mama wa mkewe alipokuja kuwatembelea alikaa mwezi mzima, na mwezi mzima yule seremala alikula kwa kina Flaviana. Akikutana na mkwewe njiani anaingia kwenye migomba, na mkwe naye anajifunika kanga uso. Mpaka wazee wamalize mambo ya mahari na mbuzi apelekwe kwa mkwe, hao wawili hawasalimiani wala hawaketi pamoja. Ndiyo heshima yao.

"Sasa nisikilize, Flaviana. Mkamba aliyelelewa kwa desturi hamkimbii mama wa rafiki yake. Anamkimbia mkwe."

Flaviana alikaa juu ya ndoo ya mchele. Aibu ilimjia kwanza, halafu furaha ikaja nyuma yake ikaisukuma pembeni.

"Wiki tatu namwomba Mungu anionyeshe mkwe kabla sijarudi nyumbani," mama alisema. "Kumbe ninaye, ananikimbia." Akanyoosha mguu mbele. Alikuwa amevaa zile soksi.

Flaviana alitoka uani na simu. Iliita mara moja tu.

"Flavi."

"Mama ameniambia. Kwa nini hukusema mwenyewe?"

"Ningesema aje? Kukwambia siwezi kaa na mum yako ni kukwambia nataka kukuoa. Na hiyo nilikuwa nimepanga kukwambia kule juu ya mlima." Alishusha pumzi. "Halafu nilidhani unajua. Kwetu kila mtu anajua. Wengi siku hizi wameacha, ni kweli, lakini mimi nililelewa na nyanya, nyinyi mnaita bibi. Nikikaa magoti kwa magoti na mum yako kabla wazee waongee, nyanya atajua tu, hata akiwa Machakos."

"Nisamehe, Mutuku. Nilikufikiria vibaya."

"Asante umepiga. Hiyo inanitosha."

Haikutosha, bwana, kwa sababu kibehewa kilikuwa bado kidogo vile vile. Mutuku alirudia kwamba atangoja chini, Flaviana akasema hapandi bila yeye, na safari ikawa inataka kufa mara ya pili. Aliyeiokoa ni mama. Aliomba tena ile picha, akavaa miwani, akaitazama kama anasahihisha daftari.

"Si mmeniambia mabehewa ni mawili?"

Akachukua karatasi ya matangazo ya kanisa, akaandika nyuma yake ratiba kwa mwandiko wa ubaoni: kijana apande kwanza peke yake. Wao wapande baadaye, wakati yeye anashuka. Halafu arudi juu na behewa linalofuata, amkute Flaviana pale. Yeye mama atakuwa amesogea kando.

Basi Jumamosi ile asubuhi, Flaviana na mama walikaa kwenye viti vya mbao vya behewa, chini ya Mlima Lookout. Mutuku alikuwa amekuja kivyake kutoka Katy, akalala hoteli nyingine, na wakati huo alikwisha fika juu. Behewa likaondoka. Mlima ulisimama mbele yao, miti ikaanza kuinama upande, na mama akashika mkono wa bintiye kwa nguvu za ajabu.

Katikati, reli ikagawanyika. Behewa la pili likachomoza kutoka juu, na dirishani alisimama Mutuku, kofia puani, uso ameuelekeza msituni. Mama akavuta kanga akajifunika. Wakapishana karibu kiasi cha kuweza kugusana, kila mmoja akimkimbia mwenzake, na Flaviana, kwa pembeni, aliwaona wote wawili wanatabasamu.

Simu ikatetemeka. *Muulize kama naweza tuma wazee.*

Alimsomea mama. Jibu lilitoka ndani ya kanga.

"Mwambie aje na mbuzi wa kunifunua uso. Nataka kumwona vizuri huyu aliyenipandisha mlima."

Juu, mama aliacha kifurushi cha karatasi ya alumini kwenye benchi, akaenda peke yake mpaka kwenye kizuizi cha mwisho, pale bonde lote linapoonekana. Hakugeuka. Behewa lililofuata lilimleta Mutuku, na Flaviana hakungoja ashuke sawasawa. Alimkumbatia hapo hapo mlangoni, watu wakawapita pembeni.

"Amesema nini?" Mutuku aliuliza.

"Amesema mbuzi."

Mutuku alikaa kwenye benchi. Akafungua kifurushi. Maandazi sita, bado yana joto kidogo, maana mama aliyapasha moto hotelini alfajiri, akayazungushia taulo.

Kule kwenye kizuizi, mama alikuwa amewapa mgongo, kanga kichwani, anasali. Haruhusiwi kusema na mkwe wake, lakini nani amemkataza kusema na Mungu? Alimshukuru kwa miguu iliyopona uvimbe. Akamshukuru kwa mlima. Akamshukuru kwa bibi fulani wa Machakos aliyejua kulea. Na alishukuru kwa sauti ya kutosha, isipotelee bondeni, imfikie mtu aliyekaa kwenye benchi.

"Amina," Mutuku alisema, andazi mkononi, macho yamejaa machozi.