Sungura Asiye na Jicho

Asubuhi hiyo baridi ya Ufipa ilikuwa imewavisha makoti watu wote sokoni Sumbawanga. Coleta, kitenge cha bluu kimefungwa hadi kifuani, alifika kwenye meza ya nyuzi akakuta uzi mwekundu wote umo mikononi mwa fundi cherehani wa mtaa wa Chanji, kijana mtanashati aitwaye Baltazari.

"Nusu yako, dada, nusu yangu," alisema. "Ila nije nione unachofuma."

Coleta akacheka, na muda mrefu ulikuwa umepita bila kicheko. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Haukuisha mwezi, Chanji nzima ilikuwa inajua.

Alichofuma ni shuka jeupe la pamba, katikati duara, ndani yake sungura anayekimbia huku akitazama nyuma. Aliliiga kwenye kalenda ya masista, yenye picha za nguo za Wakopti, Wakristo wa kale wa Misri. Sungura hakuwa na jicho. Bibi yake, mfumaji wa Kifipa, alimfundisha kuwa jicho la mnyama hutiwa mwisho, mwenye nguo akiwepo.

Baltazari akadhani ni shuka la harusi yao. Kila jioni alipiga simu.

"Mpenzi, mnyama wangu kashaona?"

"Bado," Coleta alijibu, na kila mara sauti ilimpungua.

Siku moja, nyumbani kwa Coleta, Baltazari aliisoma kalenda. Chini ya picha paliandikwa kuwa nguo ile ilifukuliwa kaburini, maiti alikuwa amevishwa.

"Coleta, unanifumia sanda?"

Angejibu, mambo yangeisha. Lakini mlangoni alizisikia tena zile nyayo zenye maji, zinazokuja kila anapokaa kufuma, akageukia huko. Baltazari akachukua koti lake akaenda zake. Coleta alipopiga, simu iliita mpaka ikakatika.

Alipiga tena na tena. Mwishowe ikapokelewa, naye hakusubiri salamu.

"Sanda ni ya Isdori. Alikuwa mchumba wangu. Ziwa lilimchukua kule Wampembe, hatukumpata, hatukumzika. Anakuja, Balta. Nilikuficha kwa sababu niliogopa utanikimbia."

Baltazari akauliza wanakwenda lini ziwani.

Walishuka pamoja hadi ufukweni Wampembe. Coleta alikaa mchangani akatia jicho, jekundu, kwa ule uzi waliogawana. Nyuma yake nyayo zilikuwa zimesimama karibu kabisa. Baltazari alifunga jiwe ndani ya shuka, akavua viatu, akaingia majini mpaka kiunoni.

"Kaka Isdori, hodi," alisema. "Mchumba wako nampenda. Sijaja kukunyang'anya, nimekuja kuomba."

Akaliachia. Duara likaonekana kidogo chini ya maji, kisha jicho peke yake, kisha maji matupu. Baltazari hakugeuka. Alisimama palepale, kama mgeni ambaye hajafunguliwa mlango.

Coleta alisikiliza nyuma yake. Hapakuwa na mtu. Machozi yakamtoka, akamlilia Isdori kilio alichokuwa amemnyima siku zote. Kisha akaingia majini na kitenge chake, akamshika Baltazari mkono.

"Karibu," akamjibu.