Jedwali Nililosema Ni Langu

"MUDA WA MAJARIBIO UMEISHA. WASILIANA NA MMILIKI."

Maneno mekundu, makubwa, yamejaa ukuta mzima, pale tulipomulika programu yetu. Mbele ya wauguzi sita, daktari mkuu na bosi wangu!

"Mmiliki gani?" daktari akauliza. "Si mlisema mmeandika wenyewe?"

Jamani... msinitukane kabla sijamaliza.

Tulikuwa tunatengeneza programu ya maabara ya hospitali. Sharti kubwa: hakuna kipande cha programu kilichoandikwa na watu wa nje. Majibu ya wagonjwa ni siri.

Mimi ndiye niliyepewa kuchagua jedwali, pale muuguzi anapotafuta majibu kwa safu na mistari.

Mwenzangu wa meza ya jirani, tunamwita Dada Miwani, akaandika la kwake mwanzo mwisho. Limepoa! Halina rangi, halina mbwembwe.

"Hili jedwali au daftari la darasa la pili?" nikamcheka mbele ya ofisi nzima.

"Linafanya kazi, kaka," akasema tu.

Mimi nikashusha mtandaoni la kampuni ya nje, la majaribio. Kila nilipoona jina la mwenyewe nikalifuta, nikaweka langu. Bosi akanipigia makofi. Mke wangu akajivunia hadi akampigia mama yangu simu!

Sasa siku ya kuwaonyesha hospitali ndiyo hiyo...

"Nani ameweka kitu hiki?" bosi akafoka.

Mdomo ukaniponyoka.

"Dada Miwani."

Alikuwa amekaa nyuma ya chumba, akanitazama. Akachukua kompyuta yake, akatoka nje.

Bosi akanivuta ofisini kwake. Nikajua nimepona... kumbe!

"Kila kinachoingizwa kwenye mfumo kinabaki na jina la aliyekiingiza," akasema. "Nimeangalia sasa hivi. Ni wewe. Na soma hii, imeletwa wiki iliyopita."

Ilikuwa barua ya Dada Miwani.

"Bosi, jedwali letu lina kasoro. Naomba kaka aongezewe muda. Ana mtoto mchanga, amechoka. Nitamsaidia kuandika jingine. Tafadhali asiaibishwe mbele za watu."

Alikuwa anajua! Alijua, akanisitiri.

"Nilimkatalia," bosi akasema, macho chini. "Wala sikuuliza kasoro gani."

Nikatoka ofisini. Nikamkuta Dada Miwani kwenye ngazi, nikamwomba tuingie wote. Nikasimama mbele ya wale wauguzi.

"Nimeiba kazi ya watu, nikamsingizia huyu dada. Yeye hana kosa."



Muuguzi mkuu, mmoja wa wale sita, akamgeukia Dada Miwani. "Una la kwako? Hebu tulione."

Akalifungua. Majibu ya wagonjwa walio hatarini yote yamepangwa juu.

"Si hiki tulichokuwa tunakitaka? Lile la rangi lilikuwa linaniumiza macho."

Leo Dada Miwani ndiye kiongozi wangu wa kazi. Mke wangu nilimweleza jioni ile ile. Mama, ilinichukua siku tatu kumweleza.

Juzi nikajikaza, nikamuuliza Dada Miwani kama amenisamehe.

"Sijafika huko bado, kaka. Lete kazi yako niikague."

Nikampelekea.

Ndugu zangu, kitu kama si chako, sema mapema, wakati bado unaongea na mtu mmoja. Mimi nilisubiri hadi nikakisema mbele ya chumba kizima, na aliyeumia kuliko mimi ni yule aliyekuwa ananilinda.

Haya... sasa nitukaneni.