Jiwe la Angani na Vitunguu vya Mzee Tluway

Benedicta alisoma darasa la sita huko Mang'ola. Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, alimsaidia mama yake kufungulia maji ya mfereji yaingie kwenye shamba lao la vitunguu. Siku moja, walipokuwa wakinywa chai, redio ilitangaza kwamba jiwe kubwa la angani, linaloitwa asteroidi, lingepita karibu na dunia Jumamosi. Mtangazaji alisema wataalamu wamelichunguza na kwamba halitaigusa dunia.

Shuleni, wanafunzi walikuwa wamemzunguka Sinyati, aliyekuwa ametoka kutembea Arusha. Benedicta naye akatamani kusikilizwa. Akawasimulia habari ya jiwe, na alipoona wamemgeukia, akaongeza kwamba litaangukia Ziwa Eyasi na maji yatafurika hadi Mang'ola. Alidai redio ndiyo iliyosema. Sinyati akaanza kulia. Benedicta alijisikia vibaya, lakini hakuyafuta maneno yake.

Kesho yake, akiwa njiani kwenda shule, alimkuta jirani yao, Mzee Tluway, aking'oa vitunguu ambavyo havijakomaa. Mjukuu wake alikuwa amefika nyumbani na habari ile. Mzee alisema angeuza chochote atakachopata, kisha awapeleke wajukuu Karatu, kwenye miinuko, kabla ya Jumamosi.

Benedicta alifika darasani akiwa na moyo mzito. Alijua kwamba akinyamaza, watu watasema redio ilikosea, na yeye hataulizwa. Lakini kila alipofungua kitabu aliyaona matuta yale yaliyong'olewa. Wakati wa mapumziko alimwendea Mwalimu Silvanus, akamweleza yote.

Mwalimu hakumkaripia. "Habari ya jiwe nitaieleza mimi," alisema. "Habari ya uongo utaieleza mwenyewe."

Wakaenda pamoja shambani kwa Mzee Tluway. Benedicta akamwamkia mzee. Mwalimu akasimama kando.

"Babu, redio haikusema jiwe litaanguka," alisema. "Niliongeza mimi."

Mzee Tluway alibaki ameshika vitunguu mkononi, akiyatazama matuta matupu. Mwalimu alimweleza kwamba anga ni pana mno, hata wataalamu wanaposema jiwe linapita karibu, bado liko mbali zaidi kuliko ndege yoyote inavyoweza kuruka. Mzee akaviweka chini vile vitunguu.

Siku iliyofuata, Benedicta aliungama mstarini mbele ya shule nzima. Wengine walimcheka, na Sinyati hakutaka kukaa naye. Jioni, yeye na mama yake walikwenda kwa Mzee Tluway, wakavifunga vile vitunguu vichanga mafungu mafungu ili viuzwe pamoja na majani yake. Vilivyoharibika vilikuwa vingi.

Jumamosi jiwe lilipita, wala hakuna aliyeliona. Benedicta alishinda akipalilia matuta ya mzee yaliyosalia. Mzee Tluway akaja kusimama karibu naye.

"Mimi sina redio," alisema. "Niliamini kwa sababu nilisikia aliyesema ni wewe, mtoto ninayemjua. Neno moja ulilolizidisha limenipotezea kazi ya msimu. Kusema kweli kumekuuma, nimeona. Basi useme kweli hata pale ambapo hakuna atakayejua kwamba umezidisha."

"Ndiyo, babu," Benedicta akajibu, akaendelea kupalilia.